Je, Mwongozo wa PMBOK Unapingana na Utengenezaji wa Programu kwa Mizunguko?

SWALI: Chama chetu cha msingi cha wakulima wa tumbaku hapa Tabora kinataka mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za mikopo ya pembejeo na uzito wa marobota. Bodi inataka mradi ufuate mwongozo wa usimamizi wa miradi uitwao PMBOK, ilhali watengenezaji wa programu wanasema hufanya kazi kwa mizunguko, yaani kutengeneza na kujaribu programu sehemu kwa sehemu katika vipindi vifupi. Tufuate upi?

JIBU: Ndugu msomaji, fuateni yote mawili, kila moja mahali pake. PMBOK, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1996 na taasisi ya Project Management Institute ya Marekani, umekusudiwa mradi wa aina yoyote, uwe wa kujenga ghala au wa kuchimba visima. Kwa hiyo unaeleza bajeti, ratiba, wadau na vihatarishi, lakini hauelezi namna programu inavyosanifiwa wala kujaribiwa.

Mvutano huzuka pale watu wanapoyasoma makundi matano ya michakato yaliyomo katika matoleo yake hadi la sita la mwaka 2017, yaani kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kudhibiti, na kufunga, kana kwamba ni ngazi zinazopandwa mara moja tu. Sivyo. Makundi hayo si awamu za mradi, nayo hurudiwa ndani ya kila awamu, hata ndani ya mzunguko wa wiki mbili.

Utaratibu wa mizunguko nao una nidhamu yake, jambo ambalo bodi nyingi hazilitambui. Katika Rational Unified Process, mojawapo ya taratibu za kutengeneza programu kwa mizunguko, kwa mfano, kuna awamu nne, na ya pili haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka usanifu wa msingi, yaani muundo mkuu wa programu, uthibitishwe kwa programu inayofanya kazi, si kwa michoro peke yake. Kwenu nyinyi, hatari kubwa naiona katika makato ya mkopo kwenye malipo ya mkulima, na katika upimaji wa uzito wa marobota kwenye kituo kisicho na mtandao. Hayo yatengenezwe katika mizunguko ya mwanzo, na karani wa chama ayajaribu kwa mikono yake, hata kama skrini bado hazipendezi.

Bodi ishike bajeti, mkataba, na siku ya kufunguliwa kwa masoko, ambayo haitamsubiri mtengenezaji yeyote. Mabadiliko yanayogusa mambo hayo matatu yapelekwe kwenye bodi; mengine yaamuliwe na mwakilishi wa chama pamoja na watengenezaji mwanzoni mwa kila mzunguko. Malipo nayo yafungwe na kazi ambayo karani ameijaribu na kuikubali, wala si na unene wa ripoti.