Tiba ya mazungumzo inapoumiza: majibu kwa maswali yenu

Nimekuwa nikimwona mshauri kwa miezi kadhaa. Kila nikitoka kwake silali, na hali inazidi kuwa mbaya. Anasema lazima niumie kwanza ndipo nipone. Ni kweli?

Ni kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowafunga watu wengi. Ukigusa jambo lililokuumiza utalia, na huenda ukachoka siku mbili tatu. Lakini maumivu hayo hupanda na kushuka, na polepole mtu huona kuna kitu kinalegea. Wewe unaeleza kuzama tu.

Madhara yapo, wala si ya kufikirika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwauliza zaidi ya watu 14,000 waliopata tiba ya kisaikolojia Uingereza na Wales. Takriban mmoja kati ya 20 alisema tiba imemwachia madhara ya kudumu. Waliopewa maelezo ya kutosha kabla ya kuanza hawakulalamika sana kama wenzao.

Kwa hiyo muulize: hii ni tiba ya aina gani, inalenga nini, na lini tutapima kama inasaidia? Mwambie waziwazi, "Tangu tuanze silali. Tubadilishe nini?" Mshauri mwema atataka kujua usiku wako unakwendaje. Anayekujibu kila mara kwamba unapinga uponyaji hakusikilizi, na una haki ya kuondoka bila kumwomba ruhusa. Na yakikujia mawazo ya kujiua, usingoje miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo, umchukue mtu akusindikize.

Baada ya ajali kazini tuliitwa wote tusimulie tulichokiona. Nilikataa. Nimejiharibia?

Hapana, ndugu yangu. Vikao vya namna hiyo, vya mara moja na mapema baada ya tukio, vilienea kwa nia njema kabisa. Kisha watafiti Uingereza wakawafuatilia kwa miaka 3 majeruhi wa ajali za barabarani. Walioathirika sana mwanzoni na kupewa kikao walibaki na dalili, ilhali wenzao ambao hawakupewa walipata nafuu. Shirika la Afya Duniani nalo halishauri kikao hicho kitumike kuzuia kiwewe. Siku za kwanza mtu anahitaji usalama, chakula, usingizi na wa kukaa naye. Ndoto za ajali zikiendelea zaidi ya mwezi, hapo tafuta mtaalamu wa kiwewe.

Mshauri anasema dalili zangu zinaonyesha nilinajisiwa utotoni. Sikumbuki lolote. Anataka kunifanyia hipnosisi, yaani kunituliza kwa maneno hadi niwe kama nimesinzia, ili kumbukumbu zirudi.

Kataa. Hakuna dalili ambayo peke yake inathibitisha kwamba mtu alinajisiwa. Wasiwasi, sonona (huzuni nzito isiyoisha) na kukosa usingizi vina vyanzo vingi. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake walichapisha jaribio la watu 24, wakiwasimulia kwamba utotoni walipotea dukani, jambo ambalo halikutokea. Takriban robo yao waliishia kulikumbuka, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Hipnosisi humwongezea mtu uhakika kuliko inavyomwongezea ukweli. Miaka ya 1980 na 1990 familia nyingi Marekani zilisambaratika kwa kumbukumbu zilizopatikana hivyo. Anayekumbuka mwenyewe alivyotendewa ni habari nyingine kabisa, na anastahili kusikilizwa.

Mshauri ananiandikia usiku kwamba ananipenda. Nimchukulieje?

Ondoka. Hata kama nawe unampenda, kosa ni lake. Tunza ujumbe wote, kisha mshtaki kwa chombo kilichompa leseni.

Nimeacha tiba, siwezi tena kuketi mbele ya mshauri. Nifanye nini? Na dawa za sonona nizitupe?

Huna deni la kurudi. Mazoezi ya mwili ya mara kwa mara hupunguza sonona, hata kutembea kwa haraka. Vikundi vya watu waliopitia hali kama yako huwafaa wengi, maana hapo hakuna bosi wa maumivu yako. Zimbabwe, wanawake wazee waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi na kuchambua nao tatizo moja moja. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili za wagonjwa zilipungua. Wengine hupata nguvu katika sala, na sioni sababu ya kuwadharau.

Ila kila njia mpya uihoji vilevile ulivyopaswa kumhoji mshauri. Mwaka 2000, huko Colorado, msichana wa miaka 10 alikosa hewa hadi kufa katika kikao kilichoitwa cha kuzaliwa upya, akiwa amefungwa ndani ya shuka na kukandamizwa huku akilia kwamba hapumui. Mwaka uliofuata jimbo hilo likapiga marufuku mbinu hiyo. Njia inayokudai uache matibabu mengine yote, au uwakate ndugu zako, ikimbie.

Dawa usizitupe. Ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na wasiwasi, ukadhani ugonjwa umerudi. Mwone daktari aliyekuandikia, azipunguze kidogo kidogo. Kumwona yeye hakukulazimishi kurudi kwa mshauri.