Shangazi, mke wangu ameshuka chomboni wageni wakiwamo

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 38. Naishi na mke wangu kwenye boti la matanga la futi 36 hapa Tanga, tunatia nanga upande wa Raskazone. Boti niliachiwa na tajiri wangu wa Kizungu alipoondoka, badala ya mishahara niliyokuwa namdai. Mwezi wa sita nilialika marafiki zangu wawili wa Dar na wake zao, waje siku 5 tutembee hadi kisiwa cha Maziwe. Wakanogewa, wakakaa 11. Safari ilikuwa nzuri sana, ila mke wangu alibadilika. Tangi letu ni la lita 300, akawa anapima maji kama dawa, anamkataza mgeni kuoga mara mbili, anagombana na watu kwa ajili ya choo. Alifika hadi kutawadha kwa maji ya bahari mbele ya wageni, kunisuta tu. Siku ya 9 rafiki yangu alitania kidogo kuhusu wali, tukacheka, yakaisha. Kulipokucha mke wangu akaipungia mkono ngalawa ya wavuvi, akashuka Ushongo na mfuko wake, akaenda kwa mama yake Pangani. Hakuaga mtu. Siku 2 zilizobaki tulikula mkate na chai, choo kikaziba na hakuna aliyejua kukizibua, tukarudi kwa aibu. Dizeli peke yake nimetumia lita 60, na kamba mpya ya nanga nimenunua kwa ajili ya safari hiyo. Nikimpigia simu anasema yuko salama, basi. Marafiki wananishauri nioe anayependa bahari. Nimfuate, nimngoje, au tuachane? — Nahodha Mwenye Aibu, Tanga*

Marahaba mwanangu. Pole. Kulala peke yako kwenye chombo, kamba zinagonga mlingoti usiku kucha na ubavuni hakuna mtu, si raha. Pole hiyo ikutoshe.

Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, napiga mstari kila mke wako anapofanya kitu. Anapika. Anapima maji. Anapigania choo. Kisha nikatafuta mahali wewe unapofanya kitu ndani ya chombo chako mwenyewe. Umealika, na umecheka. Cha tatu sikukiona.

Sasa hiyo "safari nzuri sana". Mimi ni mtoto wa baharia, marehemu baba yangu alipiga safari za Pemba mpaka macho yalipomtoka nguvu, kwa hiyo mwezi wa sita usinieleze. Mwezi wa sita ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Kutoka Tanga kwenda Maziwe unaelekea kusini, upepo unakuja usoni, na mkondo wa pwani yetu, ambao mwaka mzima unakwenda kaskazini, unakurudisha ulikotoka. Ndiyo maana zikaenda lita 60 za dizeli kwenye boti lenye matanga. Njia nzima ya kwenda ni bisho, kupambana na upepo wa mbele, chombo kimelala ubavu, na ndani mna watu wanne wa Dar ambao hawajapata kulala juu ya maji. Bahari iliwalevya, walitapika. Na zile ndoo hukuzimwaga wewe, maana ungezimwaga ungeniandikia.

Na Maziwe kwenyewe mlienda kukaa wapi? Zamani palikuwa na mivinje. Miti ikaisha, kikabaki fungu la mchanga katikati ya matumbawe, na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, yakijaa fungu lenyewe hufunikwa. Hakuna kivuli, hakuna kisima. Kila tone la kunywa, la kupikia na la kuoshea lilitoka kwenye lile tangi. Chukua hizo lita 300, gawa kwa watu 6, gawa kwa siku 11. Unapata lita 4 na nusu kwa mtu kwa siku. Hata kama mliongeza madumu mawili matatu kutoka Ushongo, mtu wa Dar akioga mara moja tu, ndoo ya lita 20 imekwenda, bado hajaosha nywele. Mke wako hakuwa mchoyo. Alikuwa mtu pekee mle ndani aliyefanya hesabu hiyo. Angewaachia waoge wapendavyo, siku ya tatu mngekuwa mnalambana midomo kwa kiu, na leo ungeniandikia barua nyingine, kwamba mke wangu mzembe kamaliza maji.

Nije kwenye kutawadha. Hapa niliweka barua chini nikatoka nje kidogo. Mwanangu, maji ya bahari ni twahara, hilo mtoto wa madrasa analijua. Mke wako hakumsuta mtu. Alichota ndoo ya maji ya chumvi saa 11 alfajiri, upepo wa kusi unavuma, akatawadha kwa maji yanayokausha ngozi na kuwasha macho, ili lita mbili za maji yasiyo na chumvi zibaki tangini, mke wa rafiki yako akiamka apate ya kusukutulia. Yeye alijinyima kwenye ibada yake, na wewe uliyelala ulipoamka ukaona umetukanwa. Jiulize kwa nini ulihisi kusutwa. Mtu hasutwi na lisilomhusu.

Kosa lenyewe sasa, maana hayo yote ni matawi. Chomboni mna sheria: maji kiasi gani, choo kinatumiwaje, nani ashike kamba na nani asiguse. Sheria hizo husemwa na nahodha, mara moja, wageni wakiwa bado wana viatu miguuni, kabla nanga haijang'olewa. "Jamani karibuni sana, humu tunaoga kwa maji ya bahari, tunajisuuza kwa kopo moja. Chooni haingii kitu ambacho hakikupita tumboni kwanza, hata karatasi." Dakika tano, watu wanacheka, wanaelewa. Wewe hukusema, uliogopa kuonekana una shida, ukanyamaza na kutabasamu. Sheria zikabaki, maana bahari haijui aibu yako, na mtu wa kuzisema akawa mkeo. Kila alipozisema wewe ulikuwa umekaa upande wa wageni. Ulimfanya yeye awe mbaya ili wewe uwe mwema. Huo wema uliojipatia kwa siku 11 ulikuwa wa mkopo, na aliyelipa ni yeye.

Choo kilipoziba mara ya kwanza nani alikizibua? Usinijibu, umeshanijibu: alipoondoka yeye hakuna aliyejua. Mwanangu, ninyi mnaitana manahodha kwa kuwa mnashika usukani jua likizama na mtu anawapiga picha. Mwanamke yule alipiga magoti kwenye kichumba ambacho mtu hawezi kunyoosha viwiko, chombo kinakwenda mrama, akafunga valvu, akafungua bomba, akatia mkono. Kisha akanawa, kwa maji ya bahari bila shaka, akaenda jikoni kuwapikia.

Na huo wali. "Alitania kidogo," unasema. Hukuniandikia maneno yenyewe, na mtu akificha maneno nayajua uzito wake. Jiko la chomboni linaning'inia, linabembea na mawimbi. Mpishi huegemeza nyonga ukutani, mkono mmoja umeshika sufuria isiruke, mwingine unakoroga, jasho linaingia machoni na harufu ya gesi na ya matapishi ni moja. Kamtazame mikono mkeo. Sijamwona, lakini nadhani utakuta alama ya moto chini kidogo ya kiwiko, usawa wa ukingo wa jiko. Wali wa watu 6, siku ya 9, mtu amelishwa bure akasema neno, na wewe ukacheka. Hakushuka kwa sababu ya wali. Alikuwa akisubiri siku 9 kusikia sauti yako upande wake, na aliposikia sauti yako ilikuwa kicheko.

Kuna jambo jingine umelipita kimya. Lita za dizeli umeniandikia, kamba ya nanga umeniandikia. Mchele hukuuandika. Mafuta, nazi, unga, sukari ya chai ya watu 6 hukuviandika. Nani alinunua? Kama ni wewe, ungeorodhesha, maana mkono wako mwepesi kuhesabu ulichotoa. Nahofia ni pesa yake, ya upatu au ya cherehani, na hajakudai kwa kuwa ana heshima.

Kwenye majahazi ya akina baba, mapato yaligawanywa kwa mafungu. Chombo kina fungu lake, nahodha lake, mabaharia yao, na mpishi naye, hata akiwa kijana wa miaka 15, ana fungu. Hakuna aliyemwambia anapika kwa mapenzi. Abiria wa Pemba alipanda na kapu lake la chakula, na maji yakizidi ngamani, chini kabisa ya chombo, alipewa upo, kata ya kutolea maji, akafua na wenzake, awe sheha awe mwalimu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baharini hakuna shamba, jembe la chomboni ndilo hilo upo. Wako walikaa siku 11 na sijasoma mahali walipofua hata kikombe.

Niseme na wengine wenye nyumba za nchi kavu, maana msidhani hili ni la majini. Ndoa za siku hizi zimeingia ugonjwa wa wageni wa mume. Mume anataka asifiwe ukarimu, na ukarimu wenyewe anautoa kwenye mgongo wa mtu mwingine. Anapiga simu saa 12 jioni, "nakuja na watu watatu." Wageni wakiondoka wanamshukuru yeye, mkono kifuani, "ndugu yetu, kwako ni peponi." Aliyekuna nazi yuko uani anasugua masufuria. Zamani nyumba ilikuwa na wifi, shemeji, bibi, mtoto wa jirani, mgeni akija mikono kumi inamsaidia mwenye nyumba. Sasa mmejitenga wawili wawili, kwenye vyumba viwili vya kupanga au kwenye boti la futi 36, lakini mnataka kukirimu kama majumba ya babu zenu. Mikono kumi haipo. Ipo miwili, na inachoka. Wanaume wanaonipenda, na wasionipenda, wapunguze wageni au waingie jikoni.

Nirudi kwako. Ushongo alikoshuka mkeo, nadhani unajua nini hufanyika pale. Kasa bado wanapanda kutaga Maziwe, kwa kuwa ndipo walipozoea. Lakini mayai yakiachwa pale maji ya bamvua huyazamisha, kwa hiyo watu huyafukua taratibu, wakayahamishia Ushongo, wakayafukia penye mchanga mkavu yapate kuanguliwa. Mkeo alifanya hivyo hivyo na kilichobaki cha ndoa yenu. Angekaa siku mbili zaidi angekutukana mbele ya watu, nawe ungejibu, na pengine lingetoka neno la talaka lisilorudi. Kutokuaga hakukuwa kuzuri, nami nikikutana naye nitamwambia. Lakini amekupokelea simu, amekuambia yuko salama. Aliyemaliza mambo hapokei simu.

Hao marafiki wanaokushauri uoe mwingine ni hao hao waliokula wali. Wanataka upate mpishi mpya kabla ya likizo ya Desemba. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, mwanangu. Utazunguka na wao, utarudi chini ukute maji yamejaa na wao wameshapanda basi la Dar.

Mfuate. Usiende na boti, usimletee mlingoti mlangoni kwa mama yake. Panda basi, ni kilomita 50 hivi tu. Nenda na mtu mzima wa kwenu, ami au shangazi yako wa damu. Chukua doti ya khanga ya mama mkwe, na pesa ya ule mchele kwenye bahasha, umkabidhi mkeo mkononi, usiseme ni zawadi, sema ni deni. Mkwe akikupa chai, kunywa. Akikunyamazia, kaa. Usianze na "lakini na wewe". Taja ule wali kwa jina, sema ulicheka na hukupaswa kucheka.

Kabla hujaondoka, shuka kwenye kile kichumba ukizibue choo kwa mkono wako. Usimlipe kijana wa pale ufukweni akufanyie. Ujue valvu iko wapi na harufu yake ikoje. Jaza tangi. Lile godoro la chumba cha omo, cha mbele, walilolalia wageni, nyinyi mkabanana kwenye benchi la upana wa mswala, litoe juani, kisha lirudishe liwe lenu. Wageni watakaokuja baadaye watalala kwenye benchi, usiku 3, na maneno ya maji na choo utayasema wewe.

Ukisharudi kutoka Pangani niandikie tena. Safari hii sitaki habari za upepo wala za marafiki. Nataka uniandikie alichokuambia mkeo, kwa maneno yake.