Zanzibar hadi Muscat: saa za tiketi na saa za angani

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yangu anakwenda Muscat kumtazama dada yake. Tiketi inaonyesha kuwa ndege itaondoka Zanzibar 14:10 na kufika Muscat 20:25, yaani saa 6 na dakika 15. Kurudi ni siku ya Ijumaa, kuondoka 02:20 na kufika 06:40, ambazo ni saa 4 na dakika 20 tu. Je, ndege ya kurudi ina mbio zaidi, au tiketi imekosewa? (Msomaji, Malindi, Unguja)

JIBU: Tiketi haijakosewa, na mbio za ndege ni zile zile. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali ndege ilipo wakati huo, na Oman iko mbele yetu kwa saa 1. Kwa hiyo punguza saa 1 katika safari ya kwenda, upate saa 5 na dakika 15. Ongeza saa 1 katika safari ya kurudi, upate saa 5 na dakika 20. Dakika 5 zinazobaki si jambo la kukushughulisha.

Umbali kati ya viwanja hivyo viwili, ukipimwa kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, ni kilomita 3,900 hivi. Ndege ya abiria ikishafika juu huenda kama kilomita 830 kwa saa, hivyo kwa hesabu ya kugawanya tu ungetarajia saa 4 na dakika 40 au zaidi kidogo. Lakini muda wa tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho, si inapopaa, na humalizika inapoegeshwa. Humo mna kujivuta hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda na kushuka kwa mwendo mdogo, na kufuata njia za anga zilizopangwa, ambazo hazinyooki kama uzi.

Upepo nao una sehemu yake, ingawa si kama enzi za majahazi, ambapo nahodha alisubiri kaskazi imlete kutoka Arabuni, kisha akangoja kusi imrudishe, na safari moja ikala wiki kadhaa. Ndege hupita zaidi ya mita 10,000 juu, ambako upepo ni mwingine kabisa na ambao katika njia hii kwa kawaida hubadilisha muda kwa dakika, si kwa saa.

Ninaloliogopa zaidi ni hiyo 02:20. Mtu aliyezoea saa zetu anaweza kuisoma kuwa ni saa 2 na dakika 20 usiku, kumbe ni saa 8 na dakika 20 za usiku, na tarehe ya tiketi hubadilika saa 6 usiku. Kwa kuwa abiria wa safari za nje hushauriwa kufika kiwanjani saa 3 kabla, mama awe amekwisha kufika kiwanja cha Muscat saa 5 na dakika 20 za usiku, siku ya Alhamisi. Ukitaka asikosee, mwambie kwa lugha ya nyumbani kwamba anasafiri usiku wa kuamkia Ijumaa, kisha umwandikie pembeni mwa tiketi, kwa kalamu: «Alhamisi, baada ya Isha, tokeni nyumbani.»