Panya wa jaribio la risasi (lead) wanadhoofu? Anzia kwenye chakula

Mdogo wangu nimekuelewa, kwenye jaribio lenu la maabara panya wote mnawapa maji yenye risasi, ile metali ya sumu, kipimo kimoja ila wale wanaokula pumba za kununua soko la Darajani ndo wanaokonda, na wewe unashuku umekosea kipimo. Mie nilikwama hapohapo. Risasi utumboni hupita njia za kalsiamu, sasa kalsiamu ikiwa ndogo kwenye chakula risasi inaingia kwa wingi, na madini ya chuma yakipungua ni vivyo hivyo. Pumba tupu kalsiamu yake kidogo mno, tena zina faiteti, kemikali ya asili ya kwenye nafaka, inayoshika zinki na chuma visifyonzwe.

Wape wote chakula kimoja, gunia moja, tofauti ya kundi na kundi iwe kipimo cha risasi tu. Usikimbilie kutia dagaa ili kuongeza kalsiamu, utabadilisha na protini. Kila asubuhi pima chakula kilichobaki na maji waliyokunywa, mie nilikuta makombo tele chini ya wavu kumbe walikuwa hawali. Na chakula kinaweza kuharibu jaribio chenyewe: hata AIN-76A, fomula ya wataalamu ya chakula cha panya wa maabara, ilileta chokaa kwenye figo za panya majike, ikawa sababu moja ya kutolewa fomula mpya, AIN-93, mwaka 1993.

Ukiona panya kajikunyata manyoya yamesimama usingoje data, muite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na maji yale yenye risasi usimwage mtaroni tafadhali, muulize msimamizi wa maabara.