Uchovu wa kemo hauishi kitandani

Nilipomaliza dozi ya pili ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, kwa saratani yangu ya titi, kila aliyekuja kunijulia hali alikuwa na neno moja: pumzika. Mama mkwe alininyang'anya ufagio. Dada yangu alihamia kwangu mwezi mzima, nikawa naletewa hadi maji ya kunawa kitandani. Walifanya kwa mapenzi na nawashukuru mpaka leo. Lakini ilifika mahali nikienda chooni nashika ukuta, na nikirudi moyo unanidunda kama nimepanda ghorofa tano.

Wewe unayeumwa saratani, au unayemuuguza mama au mume, naomba unisikilize kwa hili. Uchovu huu si ule wa kutoka shamba. Ule ukilala, asubuhi umekwisha. Huu unalala nao, unaamka nao. Kadiri unavyojilaza misuli inasinyaa, na kesho yake hata kukunja shuka kunakuwa kazi.

Aliyenigeuza ni muuguzi mmoja wa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Alinikuta nimejiegemeza kwenye benchi nasubiri majibu ya damu, akaniuliza leo nimetembea wapi. Nikamwambia sijatembea, naumwa. Akasema, "Dada, kesho nenda hadi getini kwako, urudi. Keshokutwa tena." Kutoka mlangoni kwangu hadi getini ni hatua 40. Siku ya kwanza nilisimama katikati, nikashika kamba ya nguo mpaka pumzi ikatulia. Baada ya wiki mbili nilikuwa nafika dukani kwa Mangi na kurudi na mkate. Mionzi ilipoanza, Jumatatu hadi Ijumaa, nikimaliza navuka barabara na kutembea kando ya bahari dakika 20 ndipo nikatafute daladala. Usingizi ulirudi. Kichefuchefu hakikuondoka kwa kutembea, sitakudanganya, lakini ile hali ya kulia bila sababu jioni ilipungua sana.

Wataalamu nao wanasema hivyo. Mwaka 2019 jopo la kimataifa lilitoa mwongozo kwamba mazoezi ya kiasi kama kutembea kwa haraka, dakika 30 mara 3 kwa wiki, yanapunguza uchovu, wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa saratani. Halafu Juni 2025 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika zaidi Canada na Australia, kwa watu 889 waliopasuliwa saratani ya utumbo mpana na kumaliza kemo. Kundi moja lilipewa vijitabu vya afya. Jingine lilipewa vijitabu hivyo pamoja na mtu wa kulisimamia kwenye mazoezi kwa miaka 3. Kwa hesabu ya miaka 8, waliobaki hai kundi la mazoezi walikuwa asilimia 90, la vijitabu pekee asilimia 83. Niliposoma nililia. Ila tuelewane: huo ni utumbo mpana, si kila saratani, na wote walikuwa wameshatibiwa hospitali. Mtu asije akakwambia uache dawa ukakimbie.

Sasa mkono wa upande uliopasuliwa, kwa wenzangu wa saratani ya titi. Hospitali niliyopasuliwa ilinipa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi. Kuhusu mkono hakuna aliyesema neno. Nikaubana kifuani kama kifaranga, naogopa mshono. Nyuzi zilipotolewa, sikuweza kuchana nywele wala kufunga sidiria. Mtaalamu wa viungo niliyempata baadaye alinifundisha kusimama nikitazama ukuta na kutambaza vidole kwenda juu taratibu, mpaka ngozi ya kwapani inavuta bila kuuma. Mwanangu akawa anapiga mstari wa chaki pale kidole kilipofika, na tarehe pembeni. Wa kwanza ulikuwa usawa wa kidevu changu. Kuna siku mstari haukupanda hata kidogo, mtoto akauchora vilevile juu ya ule wa jana. Ilichukua miezi miwili kuvuka kichwa.

Na ile imani kwamba mkono wa upande uliotolewa tezi za kwapani usibebe kitu maisha yote, uliza upya. Utafiti wa mwaka 2009 kwa wanawake 141 waliovimba mkono baada ya matibabu ya saratani ya titi ulionyesha kuwa kunyanyua vyuma kidogo kidogo, kwa kufundishwa, hakukuongeza uvimbe. Kidogo kidogo, nasisitiza. Mimi nilianza na chupa ya maji ya nusu lita. Ndoo ya lita 20 niliyojaribu kuibeba mapema ilinilaza siku tatu.

Kabla hujaanza, muulize daktari wako waziwazi: saratani imefika kwenye mifupa? Damu iko ngapi? Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka? Majibu hayo yanabadilisha kabisa aina ya zoezi. Siku yenye homa usitoke, nenda hospitali. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, kaa chini hapo hapo. Nyayo zikiwa na ganzi ya kemo, vaa viatu vilivyofunga, si kandambili.

Siku hizi Jumamosi alfajiri tunatembea wanne. Mmoja bado yuko kwenye kemo. Anafika nasi hadi mwembe wa pili, anakaa kwenye gogo na chupa yake ya maji, na sisi tukigeuza tunampitia.