Maswali ya Wasomaji: Mahindi yenye protini bora na triptofani inayopotea

Ndugu wahariri, nilichanganya aina yangu ya mahindi na mahindi ya opaque-2, yenye jeni inayoboresha protini. Katika kizazi cha pili nilichagua punje ngumu zinazong'aa, nikaziacha zile laini zinazofanana na chaki. Maabara inasema triptofani, mojawapo ya viungo vinavyounda protini, ni ya kiwango cha mahindi ya kawaida. Tatizo liko wapi?

Ndugu msomaji, uliiacha jeni yenyewe. Opaque-2 hujificha: sifa yake huonekana pale tu punje inapoirithi kwa baba na kwa mama. Katika kizazi cha pili robo tatu ya punje zina angalau nakala moja ya kawaida, na hizo ndizo karibu zote zinazong'aa. Robo iliyobaki ina triptofani na lisini (kiungo kingine cha protini) takriban maradufu, kwa sababu mmea umepunguza zeini, protini ya akiba ambayo karibu haina lisini. Upungufu huohuo wa zeini ndio unaoifanya punje iwe laini, nyepesi, ikauke polepole na kuliwa upesi na fukusi. Kwa hiyo ugunduzi uliotangazwa mwaka 1964 kutoka Chuo Kikuu cha Purdue haukuwavutia wakulima hadi Surinder Vasal na Evangelina Villegas, wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano nchini Mexico, walipokusanya jeni rekebishi zinazorudisha ugumu bila kuondoa lisini. Walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000.

Kama umebakiza punje za kizazi hicho, subiri zikauke vizuri, kisha zipange juu ya kioo cheupe chenye taa chini yake. Daraja la 1 hupitisha mwanga kote. La 2 lina giza robo ya punje, la 3 nusu, la 4 robo tatu, na la 5 ni giza tupu. Chukua daraja la 2 na la 3. Katika la 1, punje za kawaida zimechanganyika na chache za opaque-2 zilizorekebishwa kabisa, na jicho haliwezi kuzitenga. La 5 lina protini nzuri lakini jeni rekebishi hazitoshi. Punje zilizooza au kuvunwa changa zitupe kabla ya kuanza, maana nazo huzuia mwanga.

Kisha peleka maabara. Kupima triptofani kunatosha, kwa kuwa lisini huifuata kwa uwiano wa takriban 4 kwa 1. Katika mahindi ya kawaida triptofani ni kama 0.4% ya protini. Wewe tafuta 0.8%. Dai pia kipimo cha protini yenyewe (naitrojeni mara 6.25). Shamba lenye njaa ya naitrojeni hutoa punje zenye zeini kidogo, uwiano wa triptofani kwa protini ukapanda, na ukadhani umepata mbegu bora kumbe umepata udongo mbaya.

Upimaji huu urudiwe kila kizazi. Ndani ya mimea ya opaque-2 yenyewe kuna jeni nyingine zinazopandisha au kushusha lisini, hivyo anayefuata ugumu peke yake huishia na punje nzuri kwa macho tu.

Tuna vifaa vya kusoma vinasaba. Tunaweza kuachana na taa?

Hapana. Viashiria vya vinasaba phi057, phi112 na umc1066 viko ndani ya jeni ya opaque-2, lakini havisemi lolote kuhusu ugumu. Vijaribuni kwanza kwa wazazi wote wawili. Kiashiria kisichowatofautisha hakina kazi katika mchanganyiko huo. Phi112 pia haitofautishi mmea wenye nakala mbili za kawaida na ule wenye moja, kwa hiyo msiitegemee mnapochavusha tena na mzazi wa asili, yaani aina yenu wenyewe. Katika hatua hiyo nusu ya mimea hubeba jeni. Mimea 7 inatoa uhakika wa 99% wa kupata angalau mmoja, ingawa 7 haikuachii nafasi ya kuchagua. Marudio matatu hurudisha kwa wastani 93.75% ya urithi wa mzazi huyo, lakini kila rudio hupoteza baadhi ya jeni rekebishi. Sisi tungeishia mawili, kisha tukaiacha mimea ijichavushe na kupitisha mamia ya punje kwenye taa.

Chavua ya shamba la jirani inaharibu kiasi gani?

Inaharibu msimu uleule. Sehemu ya wanga ya punje hupata nakala mbili kwa mama na moja kwa baba, na hiyo moja ya kawaida inatosha kurudisha zeini. Kwa chakula, punje chache za pembezoni si msiba. Kwa mbegu, tenga mita 200, au pishanisha uchanuaji kwa wiki tatu na zaidi. Mimea ya uzazi ifunike mifuko kabla nywele hazijatokeza, zikishatokeza umechelewa.

Mahindi ya njano yana vitamini A?

Mara nyingi kidogo sana. Unjano mwingi ni luteini na zeaksanthini, ambazo mwili haugeuzi kuwa vitamini A. Zinazofaa ni hasa beta-karotini na beta-kriptoksanthini, na wazalishaji wa mbegu huzipata kwa kuchagua aina nzuri za jeni lcyE na crtRB1. Crtrb1 iliyodhoofika huacha beta-karotini bila kugeuzwa kuwa zeaksanthini, hivyo punje yenye rangi kali zaidi si lazima iwe bora. Lengo la wazalishaji ni mikrogramu 15 za karotini hizo zinazofaa kwa kila gramu ya punje. Sampuli isagwe siku ya kupimwa, mbali na mwanga. Unga ukikaa hupoteza karotini.