Ukitengeneza sampu ya maji chumvi, zima umeme kabla hujaweka samaki

Wengi wananiuliza sampu, yaani lile tangi dogo la chini ambako maji ya tangi la samaki yanashuka kusafishwa kabla pampu haijayarudisha juu, inauzwa wapi, mi nawaambia tengeneza mwenyewe, vioo vya mm 6 unakatiwa na fundi vioo, silikoni unabandika nyumbani taratibu. Ila kuna hesabu moja ipige kabla hata ya kuagiza vioo, mimi sikuipiga na iliniumiza sana.

Tangi langu lipo sebuleni hapa Dar, sm 100 kwa 40, kimo 50. Sampu ipo chini kabatini, 60 kwa 30, kimo 30. Usiku mmoja umeme ukakatika, nikasikia maji yanamwagika kama mtu kaacha bomba wazi, kumulika na tochi ya simu sakafu yote imelowa na maji chumvi yanaelekea kwenye ekstensheni. Kumbe bomba la kurudisha maji juu nililizamisha sm 8 ndani ya tangi, pampu ikizima linavuta maji kurudi chini, vilevile mtu anavyovuta petroli kwa mpira, haliachi mpaka mdomo wake upate hewa. Sasa angalia, kwenye tangi kila sm 1 ni lita 4, kwa hiyo sm 8 ni lita 32. Sampu yangu kila sm 1 inabeba lita 1.8 tu, maji yalitaka kupanda karibu sm 18 na nafasi niliyoacha ilikuwa 10.

Nilichofanya, mdomo wa bomba nikaupandisha ubaki sm 2 ndani ya maji, halafu nikatoboa kitundu cha mm 4 kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili pampu ikizima kivute hewa mapema. Hata kitundu kikiziba zinashuka lita 8 na yale kidogo ya kwenye mabomba, sampu inameza. Vali ya kuzuia maji kurudi usiiamini peke yake, konokono mdogo akinasa pale haifungi.

Mpangilio wa ndani ni wa kawaida, maji yanaangukia kwenye sponji, yanapita kwenye skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu, na mawe, yanavuka vioo vitatu nilivyoviachanisha sm 2.5 ili mapovu yaishie hapo, ndo yafike kwenye chumba cha pampu. Silikoni chukua isiyo na dawa ya ukungu, na usiweke maji mpaka ile harufu ya siki iishe kabisa, mi niliacha wiki nzima. Koki za shaba hapana jamani, shaba inaua kamba na matumbawe. Waya wa pampu uache uning'inie chini kuliko soketi kwanza ndo upande, tone likishuka lidondoke pale chini lisiingie kwenye umeme.

Na joto letu hili maji yanapungua kila siku, utaona kwenye chumba cha pampu tu, hapo ongeza maji yasiyo na chumvi maana chumvi haipandi na mvuke.

Kabla ya samaki jaza maji, washa, zima swichi ya ukutani, subiri maji yatulie uweke alama kwenye kioo yalipofika, rudia hata mara tano. Kile kitundu nakisafisha kwa kijiti cha meno kila Jumamosi, juzi nimekikuta mwani umeshaziba nusu.